Mashua ya marehemu baba: nifunge mashine ya hospawa (nguvu za farasi) 15 au 40?

BARUA

Shkamoo Bi Mshauri. Naomba usitaje jina langu wala kijiji maana huku kwetu kila mtu anamjua mwenzie, na shemeji yangu, mke wa kaka, ndo msomaji wako nambari moja. Niite tu Mvuvi wa Tanga.

Najua we unajibu zaidi mambo ya ndoa na wakwe, langu linaanzia kwenye chuma lakini mpaka nyumbani limeshafika, ndo maana nimeona nikuandikie.

Nina miaka 34, mke na watoto wawili, kazi yangu bahari. Marehemu baba alituachia mashua ya futi 22, kaichongesha 1989 kabla mi sijazaliwa, mbao za mvule, na mpaka leo ngumu, mataruma (mbavu za ndani) tumebadilisha mawili tu. Kila mwaka tunaipandisha, tunaikalafati upya (tunaziba nafasi za mbao), chini tunapaka shahamu, inarudi majini. Inakwenda kwa tanga na mimi na vijana watatu tunavua mishipi nje ya kisiwa cha Karange, tunauza soko la Deep Sea. Kana (mpini) ya usukani ni ileile aliyoishika baba, pale mkono unapokaa pameliwa kidogo pakawa laini kama sabuni iliyotumika.

Shida yangu ni upepo. Wakati wa kusi na kaskazi hatuna neno, alfajiri tunatoka na umande, upepo wa kutoka nchi kavu, mchana tunarudi na upepo wa bahari. Lakini malelezi, kile kipindi cha upepo mchache kati ya kusi na kaskazi, ndo yananimaliza. Mwezi wa nne uliopita tulikuwa na changu na kolekole wazuri kabisa, box limejaa, saa sita mchana upepo ukakata, shuwari, bahari kama mafuta kwenye karai. Tukapiga makasia tukachoka. Kwenye simu GPS inaonyesha maili saba za bahari mpaka nyumbani. Barafu ikaisha saa tisa. Tumekaa mpaka baada ya magharibi ndo ikapita boti ya faiba ya vijana fulani, wakatuvuta, na njiani wanapiga picha wanacheka "mzee na tanga lake", mi mzee nina miaka 34! Samaki tukauza nusu bei na hao vijana wakataka hela ya mafuta juu. Usiku ule sikulala.

Basi nikaamua nifunge mashine. Mimi na mke wangu tuna milioni tatu na laki nne, nyingine ya kikoba chake. Nikadhani kazi imeisha, kumbe ndo imeanza.

Fundi aliyeijenga hiyo mashua na baba bado yuko hai, mzee sana sasa, kaniambia kumi na tano inatosha na hata nane ingetosha, na kwamba nikifunga arobaini nisimuite tena kukalafati. Kaka yangu (yeye ana biashara mjini, baharini haendi) anasema kumi na tano ni ya kuvulia ngisi ufukweni, boti zote za ringneti (nyavu za kuzingira) zina arobaini, na amepata arobaini ya mtumba nzuri, anaongeza yeye hela iliyobaki ila mapato tugawane nusu kwa nusu, tutoe mlingoti na usukani wa nyuma mashine ikae katikati, siku za wikiendi tupeleke wageni visiwa vya Toten na Ulenge. Muuza duka niliyemuuliza naye kasema chukua kubwa, ndogo utaijutia. Mke wangu anasema hela ya kikoba haingii kwenye kitu cha nusu kwa nusu. Mama akisikia habari ya kutoa mlingoti anainuka anaenda jikoni, hasemi kitu. Dada yetu kaolewa Muheza, yeye hana neno.

Kaka kanipa mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo ile mashine anamwachia mtu mwingine. Nisaidie, hospawa ngapi ndo sawa kwa mashua yangu? Na nikisema hapana nimwambieje kaka bila kuvunja undugu?

Mvuvi wa Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu, hujambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nilikuwa na kalamu na karatasi naandika hesabu, na mume wangu akaniuliza "leo umeletewa ndoa gani hiyo inataka kikokotoo". Mi ni mtoto wa Pangani, babu yangu alikuwa nahodha, nimekulia kwenye kelele za nyundo za kalafati, kwa hiyo umekuja nyumba siyo ngeni. Mashine hata hivyo siyo fani yangu. Nilivyoipata barua yako nimekaa na mafundi wawili wa mashine za boti, nitakayosema ya chuma mengi ni yao.

Kwanza pole kwa ile siku. Sikuambii pole ya samaki, samaki watapatikana. Pole ya kuchekwa kule ukiwa umekaa omo, mbele ya chombo, na kamba ya watu. Naomba ukikumbuke hicho kicheko wakati tunaendelea kwa sababu nahisi ndicho kinachokuvuta kwenye arobaini kuliko hata kaka yako, we mwenyewe utanisahihisha kama nimekosea.

Ulivyoniandikia umeniuliza hospawa ngapi, kana kwamba jibu liko kwenye mashine. Mafundi wote wawili kabla sijamaliza sentensi waliniuliza kitu kimoja: mashua yenyewe tumbo lake likoje? Nikawaambia mashua ya kizamani, ina mkuku (uti wa chini), tumbo la duara, shetri, yaani nyuma, ya kukata. Wakatazamana. Mmoja akasema "hiyo haipandi".

Maana yake ni hii. Zile boti za faiba zilizokuvuta tumbo lake limelala nyuma, zikipewa nguvu zinanyanyuka zinateleza juu ya maji. Mashua ya baba yako haikuchongwa hivyo, yenyewe inayakata maji na kuyasukuma pembeni, na chombo cha aina hiyo kina mwendo wake wa mwisho unaotokana na urefu, siyo na mashine. Kuna Mwingereza mmoja, William Froude, miaka ya 1870 alikuwa anavuta vimeli vya mfano kwenye tangi refu la maji anatazama mawimbi yanayotokea. Chombo kikienda kinatengeneza wimbi omo na jingine nyuma, kadiri unavyokaza mwendo wimbi linarefuka, mpaka linafika urefu wa chombo chenyewe, na hapo mashua inakuwa imekaa kwenye bonde la wimbi lake, mbele kilima. Ukiongeza nguvu inajaribu kupanda hicho kilima, omo inainuka, shetri inakaa kitako, maji nyuma yanachemka, mafuta yanakwisha, mwendo haujaongezeka cha maana.

Hesabu yake we ukiwa na simu unaifanya mwenyewe. Pima urefu wa pale maji yanapogusa, siyo futi 22 za juu, tuseme zinabaki 20. Tafuta kipeuo cha pili cha 20, ni 4.47, zidisha kwa 1.34, unapata noti (maili za bahari kwa saa) 6 hivi, ambazo ni kama kilomita 11 kwa saa. Hapo ndipo inapogota. Ukiweka nane ikiwa tupu na bahari imetulia utaukaribia huo mwendo, ukiweka kumi na tano utaufikia na mzigo, ukiweka arobaini utaupita kidogo sana kwa kelele nyingi sana.

Sasa turudi kwenye siku ile ya shuwari, maili saba. Kwa noti 5 ungefika nyumbani kwa saa moja na dakika 24. Kwa noti 6 saa moja na dakika 10. Tuseme arobaini imeisukuma kwa nguvu mpaka noti 7, saa moja kamili. We ulikaa pale toka saa sita mchana mpaka baada ya magharibi. Kitu ulichokosa ile siku ni cha kukusogeza tu, chochote, na ukitazama hizo dakika utaona ugomvi wote wa familia yenu kati ya 15 na 40 ni dakika kumi za baharini. Sijui kama kaka yako ameshawahi kuonyeshwa hiyo hesabu. Pengine mwonyeshe, taratibu, siyo mbele ya watu.

Na mafuta. Mashine za tustroki za kuchanganya oili, kwa makadirio ya mafundi zinakula kama nusu lita ya petroli kwa kila hospawa kwa saa ukivuta resi ya mwisho. Kumi na tano ni lita 7 au 8 kwa saa, arobaini ni 18 mpaka 20. Piga mara siku zako za kwenda baharini kwa bei ya petroli ya leo, usisahau na oili, nyingi zinataka sehemu moja ya oili kwa hamsini za petroli, yaani lita 20 za petroli kwa karibu nusu lita ya oili, ila fuata kitabu cha mashine yako. Kweli arobaini ukiipunguza resi haili hivyo. Lakini kwanza nani ataipunguza mashine ya arobaini akipitwa na wenzie, na pili tustroki ukiiendesha polepole kila siku plagi zinashika masizi inaanza kukohoa.

Hapa nisije nikaonekana nimeshakuchagulia kumi na tano. Sijachagua, nayo ina mambo yake.

Kumi na tano kwenye mashua nzito, yenye watu wanne, box la barafu na samaki, unarudi maji yanatoka kwa nguvu siku za bamvua, maji makubwa, na upepo wa uso kwa uso, itafanya kazi lakini itakuwa inafanya kazi kweli, hutakuwa na akiba kubwa mkononi. Halafu pangaboi (panga za chini zinazosukuma maji) inayokuja na mashine mpya mara nyingi ni ya boti nyepesi za kukimbia. Kwenye chombo kizito unataka yenye pichi ndogo, inayosogea kidogo kila mzunguko lakini inasukuma kwa nguvu, sawa na gia ya kwanza ya gari kwenye mlima wa Lushoto. Ukifunga ile ya kukimbia mashine itashindwa kufika mizunguko yake, nyingi za saizi hiyo kitabu kinataka 4,500 mpaka 5,500 kwa dakika ikiwa resi ya mwisho, na mashine inayolazimishwa chini ya hapo kila siku inakufa mapema, halafu watu wanasema 15 mbovu. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia alifunga kumi na tano akaijutia, muulize alifunga pangaboi gani, na muuza duka wako nina hakika hilo hakukuuliza.

Kuhusu nane aliyosema mzee fundi, au tisa nukta tisa iliyo karibu nayo, nimeuliza pia. Ni kweli kwa shuwari inatosha. Lakini mashine nyingi za 9.9 na 15 chuma ni kilekile na uzito karibu uleule, tofauti imebanwa ndani, kwa hiyo usitarajie utapunguza uzito sana. Kama hela ndiyo inabana na unaitaka kwa malelezi tu, sioni aibu yoyote. Yule Mnorwe aliyekulia Marekani, Ole Evinrude, mashine yake ya kupachika ya 1909 ilikuwa na hospawa moja na nusu, na watu walipanga foleni kuinunua.

Jambo lililonishika kwenye barua yako lakini ni lile la kutoa usukani. Ulilitaja kama kitu kidogo. Nikawauliza mafundi kwa nini lazima utolewe, wakaniambia kumi na tano ya tustroki ina uzito wa kilo kama 36 mpaka 40, unaweza kuipa kibao imara pembeni ya shetri, usukani ukabaki katikati yake, na watu wawili mnaibeba mnarudi nayo nyumbani isije ikatembea usiku. Itakuwa na kasoro, mashua ikilalia upande wa pili pangaboi inatoka majini inapiga hewa, kwa hiyo huwezi tanga na mashine pamoja kwenye upepo mkali, unachagua kimoja. Arobaini ni kilo 70 na kitu. Hiyo pembeni haikai, itaipinda shetri, inataka katikati, na katikati pana usukani. Ukishatoa usukani tanga halina maana, na ukishatoa tanga mlingoti ni mti wa kuanikia nguo.

Kwa hiyo unaona mwanangu, ukichagua saizi ya mashine hapo hapo umechagua na chombo. Moja ni mashua ya baba yenye msaidizi wa siku za shuwari. Nyingine ni boti ya mashine iliyotokana na mashua ya baba. Mama yako anayeinuka kwenda jikoni nadhani ameliona hilo kabla yetu sote, na hajui hata hospawa ni nini.

Na hii ya pili nayo siyo dhambi. Watu wanabadilisha vyombo, na mashua ya 1989 ambayo imebaki majini imebaki kwa sababu kila mara ilibadilishwa kitu. Ila ukienda njia hiyo jua gharama yake yote: shetri inataka ubao mpya mnene na magoti ya ndani ya kuishikilia mpaka kwenye mataruma, bolti za stenlesi zinazopita upande wa pili siyo misumari, farumi (uzito wa kutulizia chombo) inabidi ipangwe upya isogee mbele maana nyuma pamekuwa pazito. Na hata hapo, nguvu ya arobaini kila siku kwenye mbao zenye miaka zaidi ya 30 ndiyo inayofungua kalafati. Mzee fundi hakukutisha kwa wivu wa ujana. Anajua msumari upi umekaa wapi.

Tena mashine ikizima je? Leo ukiwa na tanga na mashine una njia mbili za kurudi. Ukitoa mlingoti una moja, na hiyo moja ni ya mtumba ambayo hatujui ilikuwa kwa nani. Kama bado unaitazama hiyo ya kaka yako basi angalau nenda na fundi wako, siyo wa muuzaji, fungueni oili ya gia mtazame, ikiwa nyeupe kama maziwa jua maji ya chumvi yameshaingia. Iwasheni ndani ya pipa muone inakojoa vizuri maji ya kuipoza, mkae nayo nusu saa nzima. Dakika tano kila mashine ni nzima.

Suala la wageni wa wikiendi nitalipita haraka. Kubeba abiria kwa malipo siyo leseni ileile ya kuvua, kuna ukaguzi wa TASAC, wale wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, laifu jaketi za kila kichwa, na halmashauri nao wana lao. Kaka yako alipopiga hesabu ya nusu kwa nusu sijui kama hayo aliyaweka. Na mgeni anayekwenda Toten, ambayo ukiwa bandarini unaiona kwa macho, sidhani anataka arobaini. Wengine wangelipa zaidi kupelekwa na tanga. Lakini hilo ni wazo langu mimi ninayependa tanga, lichukue kwa chumvi.

Tuje kwa kaka.

Umeandika "mashua yangu", na juu yake ukaandika "alituachia". Nimeyaona yote mawili. Mashua hii imegawiwa? Kama baba aliacha mjane, watoto wa kiume wawili na binti mmoja, basi mama ana fungu lake humo, wewe unalo, kaka analo, na dada wa Muheza analo pia, hata kama ni dogo kuliko lenu. Unasema dada hana neno. Hana neno, au hajaulizwa? Maana nusu kwa nusu ya wewe na kaka ikishaandikwa, yeye na mama wako wapi? Sisemi kaka yako ana nia mbaya, kwenye barua yako sijaiona nia mbaya, nimeona mtu anayeishi mjini ambaye baharini haendi na pengine hii ndiyo njia yake pekee ya kubaki kwenye chombo cha baba yake. Huenda arobaini kwake ni tiketi. Wewe unayo kana, kila siku mkono wako unakaa palipokaa mkono wa baba, yeye ana nini?

Ndiyo maana swali lako la "nimwambieje hapana" nimelizungusha kichwani sana. Unaweza kusema hapana kwa mashine bila kusema hapana kwake. Kwa mfano yeye aingie kwa kiasi hichohicho mlichonacho au kidogo zaidi, mapato ya samaki yakatwe kwanza mafuta, barafu, vijana na matengenezo ya mwaka, kinachobaki ndo kigawanywe kwa mafungu. Hatari yake ni kwamba yeye kazoea kuwa mkubwa kwenye hela na anaweza kuona umemdogosha. Au anunue ile arobaini yake kweli, aitafutie boti ya faiba ambayo imechongwa kwa ajili yake, nawe umsaidie kuiendesha siku fulani, hapo undugu unabaki na mashua inabaki, ila itabidi uwe tayari kumwona anakupita baharini, na kicheko kile bado kinakuuma. Au mkubali arobaini pamoja, kwa macho yaliyofunguka, mkiwa mmekaa na mama na dada kwanza. Na iko njia ya kutofanya kitu mwisho wa mwezi huu. Ile mashine ya mtumba ikichukuliwa na mwingine itakuja nyingine, mitumba haijawahi kuisha Tanga, ila malelezi mengine nayo hayako mbali na najua huwezi kukaa tena na barafu inayoyeyuka.

Mke wako naye msikilize pale aliposema. Hela ya kikoba ina wenzie nyuma yake, wanawake wanaoijua nyumba yako, na ikipotea kwenye mkataba wa mdomo yeye ndiye atakayekaa nao kila Jumamosi. Chochote mtakachokubaliana kiandikwe, ukurasa mmoja wa daftari unatosha, na mashahidi wawili.

Kabla ya yote hayo nina ombi moja. Huku pwani hakuna mtu asiye na rafiki mwenye mashine ya 15. Iazime siku moja, maji mafu (yasiyokwenda kwa nguvu), bahari ikiwa tulivu, ifunge kwa muda pembeni, mjaze mafuta mwenyewe ili asikununie. Chukua chaki, kabla hujaondoka chora mstari kwenye shetri pale maji yanapofika. Pakia vijana watatu na viroba vya mchanga badala ya samaki. Kisha vuta resi nusu, tazama simu inasema noti ngapi, na umtume mmoja aangalie mstari wa chaki umezama kiasi gani. Vuta robo tatu, tazama tena. Vuta yote. Pale utakapoona mstari unazama lakini namba ya simu haisogei, hapo umekutana na yule Froude mwenyewe. Mchukue na kaka yako siku hiyo, yeye ndiye ashike simu. Tena muache ashike na kana kidogo wakati wa kurudi, mashine ikiwa imezimwa, kama kutakuwa na upepo.

Halafu niandikie tena uniambie mstari ulizama vidole vingapi, na dada wa Muheza kasema nini.